Namba ya Kwenye Kioo Haimjui Mtoto wa Ngamiani

Kabla filamu haijaanza, pembeni mwa kioo cha simu au runinga hutokea namba ndogo yenye alama ya kujumlisha: 7+, 13+, 16+, 18+. Kwa wengi wetu namba hizo zilikuwa mambo ya mbali hadi Januari 2016, Netflix ilipoanza kupatikana karibu Afrika nzima, na tangu hapo zimezoeleka kwa kadiri simu janja na vifurushi vya intaneti vilivyozoeleka. Mwaka 2024 India nayo, nchi ambayo filamu zake zimetazamwa Tanga tangu enzi za mababu zetu, ilianza kutumia madaraja mapya ya miaka 7, 13 na 16, mahali ambapo zamani palikuwa na daraja moja tu la filamu ambazo mtoto wa chini ya miaka 12 huzitazama kwa uangalizi wa mzazi. Mabadiliko haya yamepokewa mjini kwetu Tanga, kuanzia mtaa wa Ngamiani hadi wa Makorora, kwa namna mbili, na naona zote mbili zimekosea. Wapo wazazi wanaoichukua namba kama cheti cha ruhusa: mtoto ametimiza miaka 13, filamu imeandikwa 13+, basi mjadala umekwisha. Wapo wengine wanaoiona kuwa ni hila ya wageni ya kutupangia malezi, hivyo hawaisomi kabisa. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo ni muhtasari wa hofu na aibu za jamii iliyoitoa. Ina habari ndani yake, na habari hiyo inafaa kusomwa, lakini haina uwezo wa kutuamulia, kwa sababu haijawahi kuuliza swali ambalo watu wa pwani wamekuwa wakiliuliza kabla ya mengine yote: mtoto anatazama pamoja na nani?

Ni vyema kwanza tujue namba hizi hutoka wapi, kwa kuwa heshima tunayozipa inatokana na dhana kwamba zimepimwa na madaktari wa watoto katika maabara fulani. Sivyo. Nchini Marekani mfumo wa madaraja ulianza Novemba 1968, nao unaendeshwa na chama cha makampuni makubwa ya filamu. Wanaokaa kutazama na kupiga kura ni wazazi wa kawaida, na kazi yao ni kukisia mzazi mwenzao wa Kimarekani angesema nini. Daraja lao la miaka 13 halikuwapo hadi Julai 1984. Liliundwa baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu mbili za kiangazi cha mwaka huo zilikuwa na vitisho vingi kupita daraja la watoto, lakini hazikustahili kufungiwa katika daraja la wakubwa. Uingereza ina bodi yake tangu 1912, na bodi hiyo hurudi kwa wananchi kila baada ya miaka michache kuwauliza maoni. Kabla ya kutoa mwongozo wake wa mwaka 2024 ilizungumza na watu wapatao 12,000, na kutokana na majibu yao ikakaza kamba kwenye ukatili na maonyesho ya mapenzi, ikailegeza kidogo kwenye uvutaji wa bangi. Sisemi haya kwa kuwabeza. Jamii inayowauliza watu wake 12,000 wanaogopa nini kwa ajili ya watoto wao imefanya jambo la maana, na sisi hatujalifanya. Ninachosema ni kwamba majibu yale ni ya Waingereza, na hata wao wenyewe wanajua kuwa hayatakaa hivyo milele.

Anayetaka ushahidi kwamba jamii zilizoendelea nazo hazikubaliani katika jambo hili aitazame filamu ya mwaka 1982 ya kiumbe mdogo kutoka anga za mbali, E.T., anayeachwa duniani na kufichwa na mtoto wa kiume. Marekani waliipa daraja linalowaruhusu watoto kwa mwongozo wa mzazi, na familia nzima nzima zilifurika kumbini. Sweden, nchi yenye ukaguzi wa filamu tangu 1911, iliwazuia watoto wa chini ya miaka 11 kwa sababu ya hali ya vitisho iliyomo. Msweden aliona mtoto atakosa usingizi. Mmarekani aliona mtoto atafarijika. Mwaka 2010 ikatoka filamu ya mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi, The King's Speech, na ndani yake mna sehemu fupi ambapo mwalimu wake anamhimiza atukane ili ulimi ulegee. Marekani waliiweka katika daraja ambalo kijana wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Uingereza waliiweka kwanza kwenye miaka 15, kisha wakaishusha hadi 12 baada ya kukubali kwamba matusi yale ni ya tiba na hayamlengi mtu. Filamu ni ileile, maneno ni yaleyale, lugha ni moja, na bado pengo kati ya mataifa mawili ni la miaka mitano. Mwaka 2015 bodi ya India ilipunguza urefu wa mabusu katika filamu ya jasusi James Bond, ilhali maiti zilizotapakaa humo hazikumsumbua mtu. Na katika filamu maarufu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1988, My Neighbor Totoro, baba anaoga katika birika moja la kuogea na binti zake wawili wadogo huku wakicheka, jambo ambalo Wajapani huliona kuwa ni upendo wa kawaida wa nyumbani. Marekani filamu hiyo ina daraja la watu wote. Nayafahamu majumba ya Tanga ambayo mama angeinuka na kuizima hapohapo, na nisingemlaumu. Lakini pia nisingemwita mzazi wa Kijapani mtu asiye na haya.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa karibuni. Filamu ya Mary Poppins ilitoka mwaka 1964, na kwa takribani miaka 60 Uingereza iliipa daraja la chini kabisa, yaani kila mtoto anaweza kuitazama hata akiwa peke yake. Februari 2024 bodi ilipoikagua upya iliipandisha daraja moja, na sababu ni neno moja. Ndani ya filamu hiyo mzee mmoja, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, anatumia mara mbili jina la dharau ambalo Wazungu waliwapachika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Kwa miaka yote hiyo 60 wakaguzi walitazama, wakasikia, wakapita. Hawakuwa watu wabaya. Hawakumwona tu mtoto wa Kiafrika akiwa amekaa mbele ya runinga. Walipojiuliza "filamu hii itamdhuru mtoto?", mtoto aliyekuwa akilini mwao alikuwa wa kwao, na yeye neno lile lisingemchoma. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa namba hizi unapoonekana kwetu. Zinapima damu, uchi, matusi na dawa za kulevya, na hayo yote ni mambo ya kweli. Hazipimi filamu inamfundisha nini mtoto wa Makorora kuhusu rangi yake, lugha yake na bibi yake. Filamu ambayo Waafrika wote waliomo ni wapagazi, wachawi au watu wanaopiga kelele porini inaweza kupewa alama ya watoto wote, na mzazi wetu akiamini alama hiyo atakuwa amemruhusu mtoto anywe kitu ambacho hakuna aliyekionja kwa niaba yake.

Katika mkoa huu tunapaswa kuwa wepesi kuliko wengine kulitambua hilo, maana limewahi kufanyika juu ya milima yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, Korogwe, katika safu ya Usambara, Waingereza waliweka kambi ya jaribio la filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, waandaaji walikuwa Meja Notcutt na mwenzake Latham, na kwa muda wa miaka miwili walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, minyoo ya safura, kodi na benki ya akiba ya posta. Kisha wakazizungusha kwa lori vijijini, sauti za maelezo zikipigwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Filamu zenyewe hazikuwa na ubaya mkubwa, na nyingine zilikuwa na faida. Tatizo ni dhana iliyokuwa chini yake: kwamba Mwafrika mtu mzima hutazama picha kama mtoto, kwamba akili yake haimudu filamu ya kawaida, hivyo atengenezewe ya polepole na nyepesi, na azuiwe zile zinazoweza kumpunguzia heshima kwa Mzungu. Katika makoloni kadhaa ya Uingereza Afrika, filamu iliyofaa kwa Mzungu wa miaka kumi ilikatazwa kwa Mwafrika mwenye wajukuu. Lugha iliyotumika ilikuwa ni hii hii ya "inafaa" na "haifai". Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua nani ni mtoto.

Sasa tuje kwetu. Jamii za pwani, ukianzia kwa Wadigo hadi kwa Wabondei na Wazigua, hazikupanga elimu ya mtoto kwa kuhesabu miaka. Zilipanga kwa hatua na kwa watu. Mambo ya mwili na ndoa hayakuwa siri ya milele. Yalikuwa na wakati wake, baada ya baleghe, na yalikuwa na mwenyewe, yaani somo au kungwi kwa mwari, na mzee wa jando kwa kijana. Baba hakuyasema kwa binti yake, na mama mzazi naye mara nyingi aliwaachia wengine. Kwa hiyo ugomvi wetu na filamu yenye busu sebuleni hautokani hasa na imani kwamba busu lenyewe litamharibu mtoto. Unatokana na waliokaa sebuleni. Akiwapo baba, mjomba, shemeji na binti wa miaka 15, picha ileile ambayo binti huyo angeweza kuelezwa na somo wake kwa uwazi kabisa inakuwa fedheha, na anayefedheheka zaidi ni mzee. Nakumbuka utotoni mwangu, ikifika sehemu kama hiyo mama alinituma nimletee maji ya kunywa. Nilikwenda bila haraka, nikarudi na kikombe, na wimbo wa Kihindi ulikuwa umeshaanza. Hakuna aliyesema neno. Ile ilikuwa kazi ya ukaguzi wa filamu, na ilifanywa na mtu aliyenijua mimi, aliyemjua mgeni aliyekaa pale, na aliyejua kwamba kesho yake mgeni hayupo na sheria ni nyingine. Namba iliyoandikwa California, kule Marekani, haiwezi kujua hayo.

Wanaotetea kufuata namba kama zilivyo wana hoja nzito, na nisingependa ipunguzwe uzito. Wanasema: yule mama aliyekuwa akituma maji alikuwapo nyumbani. Leo mama yuko soko la Deep Sea tangu alfajiri akinunua samaki wa kuuza, baba yuko bandarini au barabarani na bodaboda, bibi yuko kijijini, na mtoto ana simu. Mahali pasipo na mtu mzima, namba ni bora kuliko kutokuwa na kitu, na mzazi asiye na saa mbili za kuitazama filamu kwanza anahitaji kitu cha kusoma kwa sekunde mbili. Hili ni kweli, na anayelipinga hajui maisha ya watu. Wanaongeza kwamba ukimwachia kila mzazi aamue peke yake, walio wakali watazuia hata vya maana na walio wazembe wataachia kila kitu, kwa hiyo kipimo cha pamoja kinawasaidia wote. Nakubali pia. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kwamba namba inafanya kazi ya mtu. Tazameni hata maneno ya wenyewe: daraja la Kimarekani linalopewa filamu nyingi za familia maana yake ni kwamba mzazi aongoze, na lile la zamani la India lilisema mtoto awe chini ya uangalizi wa mtu mzima. Walioziandika alama hizi hawakukusudia ziwe badala ya mzazi. Zimefika kwetu zikiwa zimepoteza nusu ya maana yake njiani, na sisi tumeshika ile nusu iliyo nyepesi.

Hoja ya upande wa pili, ile ya kuzitupa namba na filamu za nje kwa pamoja kwa madai kwamba utamaduni wetu ni safi na uchafu wote unatoka ng'ambo, ndiyo dhaifu kuliko zote ninazozisikia, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Kwanza haiko sawa na kumbukumbu. Mji huu ulikuwa na sinema, Majestic na Novelty zikiwamo, na watu wa rika zote walijipanga kuziona filamu za Kihindi, za ng'ombe na bastola, na za Kimisri, bila mtu kuona kwamba ameacha kuwa Mtanga. Pili haiko sawa na hadithi zetu. Mtoto wa pwani alipoitikia "Hadithi njoo, utamu kolea," aliketi kumsikiliza bibi akisimulia zimwi linalomeza kijiji kizima, mama wa kambo anayemzika mtoto akiwa hai, na ndege anayeimba juu ya kaburi hadi siri itoke. Ukiyaweka hayo kwenye kioo bila kupunguza, bodi ya Sweden ingeyafungia. Hatukuwahi kuamini kwamba mtoto asitishwe kabisa. Tuliamini kwamba atishwe akiwa amelala kwenye mapaja ya mtu, usiku uleule na sauti ileile ikimalizia kwamba zimwi limepasuka tumbo na watu wametoka salama. Aliyekuwa na uwezo wa kuliita zimwi alikuwa na wajibu wa kulifukuza kabla mtoto hajalala.

Tatu, na hili naliandika kwa uchungu, hoja ya usafi inatuficha kosa letu wenyewe. Pita kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, vya mitaa yetu siku ya Jumamosi mchana. Utawakuta watoto wa miaka minane na tisa kwenye mabenchi ya mbele wakitazama mtu akikatwa shingo, mwingine akipigwa risasi akiwa amepiga magoti, na mwenye kibanda amekaa mlangoni anapokea fedha. Hakuna mpita njia anayesimama. Ikitokea busu la sekunde tatu, mtu mzima aliye karibu zaidi atapiga kelele picha isogezwe mbele. Tumekuwa wakali kwa kile kinachotuaibisha sisi, tukawa wapole kwa kile kinachomtia mtoto hofu au kumzoesha ukatili. Kwa jambo hili tunafanana mno na wakaguzi wa Marekani, ambao kwa miongo mingi wamelaumiwa nchini kwao kwa kuziachia bunduki na kuibana miili, na tunatofautiana na wazee wetu, ambao walikuwa na miiko ya kumzuia mtoto asione maiti ikioshwa hadi afikie umri wa kuelewa. Kama tunataka kujifunza kwa wageni, basi tujifunze kwa Msweden, ambaye amejiuliza usingizi wa mtoto una thamani gani.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hauligusi kabisa, nalo kwa mji kama wetu pengine ndilo kubwa. Filamu nyingi zinazotazamwa na watoto wa Tanga hazifiki kwao zikiwa zilezile zilizopewa namba. Zinapita kwa mtafsiri, yule anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha, akaeleza, akachekesha, akawapa wahusika majina ya mitaani. Kazi hiyo ni sanaa na ninaiheshimu. Imewafungulia watu dunia ambayo lugha ilikuwa imewafungia. Lakini ikishafanyika, namba ya awali imekufa. Filamu iliyowekwa daraja la wakubwa kwa sababu ya matusi ya Kiingereza inaweza kufika hapa haina tusi hata moja, kwa kuwa mtafsiri aliyaruka. Na filamu ya katuni iliyopewa 7+ kwa usafi wake inaweza kufika ikiwa na maneno ambayo mtoto akiyarudia madrasa atachapwa, kwa kuwa mtafsiri aliona yanachekesha. Halafu faili hilo linahamishiwa kwenye flashi dukani, likiwa na jina lililokosewa tahajia, bila namba yoyote, bila jina la nchi lilikotoka. Mzazi anayebishana kuhusu 13+ au 16+ anabishana kuhusu filamu ambayo mtoto wake hajawahi kuiona. Tamthilia za Kituruki zinazoingizwa sauti za Kiswahili kwa ustadi na kurushwa na vituo vya hapa nyumbani angalau zina mwenyewe wa kuulizwa. Faili la kwenye flashi halina.

Lazima pia nikiri kwamba ninaposema "sisi" ninasema jambo lisilo na mipaka iliyo wazi. Nyumba ya Raskazone na nyumba ya Pongwe, maeneo mawili ya hapa Tanga, hazizuii vitu vilevile. Familia inayosali Ijumaa na familia inayosali Jumapili zinaweza kukubaliana kuhusu mavazi zikatofautiana kuhusu uchawi: wapo Wakristo wanaozima kila katuni yenye mchawi wakiamini inafungua mlango kwa mapepo, na wapo majirani zao Waislamu wanaokerwa zaidi na nguruwe mcheshi anayependwa na mtoto wa miaka minne. Kuna wazazi waliosoma nje wanaoona kwamba kumficha mtoto wa miaka 13 habari za mwili wake ni kumwacha peke yake mbele ya simu ya rafiki yake, na nadhani wana sababu. Mwaka 2022 filamu ya katuni ya Lightyear ilikatazwa Falme za Kiarabu, Singapore wakaipa daraja la miaka 16, kwa sababu ya busu fupi la wanawake wawili waliooana, ilhali Marekani ikabaki filamu ya watoto kwa mwongozo wa mzazi. Tofauti za namna hiyo zipo baina ya mataifa, na zipo pia kati ya nyumba mbili zinazotumia kisima kimoja. Ndiyo maana sipendekezi kwamba tubadilishe namba ya California kwa namba ya Tanga. Namba yoyote itakayokuwa moja kwa wote itamdhulumu mtu.

Tunachohitaji ni maneno. Bodi ya Uingereza, pamoja na namba, huandika mistari michache ya kueleza kilichomo: kama kuna vitisho, kama kuna damu, kama kuna lugha ya ubaguzi. Mistari hiyo inasafiri vizuri kuliko namba, kwa sababu inamwacha mzazi ahukumu kwa mizani yake, awe wa Raskazone au wa Pongwe. Bodi ya Filamu Tanzania, iliyopo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ina mamlaka ya kukagua na kupanga madaraja ya filamu zinazoonyeshwa hadharani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mamlaka hayatoshi kumfuata mtoto hadi kwenye flashi, na sidhani kama yanapaswa kumfuata huko. Yanatosha, hata hivyo, kumtaka anayetafsiri filamu kwa biashara atamke mwanzoni mwa sauti yake, kwa Kiswahili cha kawaida, filamu hii ina nini: ina mauaji, ina mapenzi, ina uchawi, inawatukana watu fulani. Sauti anayo, na watu wanaiamini kuliko maandishi.

Vibanda navyo vina ubao. Kila asubuhi mwenye kibanda anaandika kwa chaki jina la filamu, saa na kiingilio, kisha chini yake anaandika mechi za jioni. Pale pana nafasi ya maneno mengine matatu, na afisa utamaduni wa halmashauri, akishirikiana na wenyeviti wa mitaa, anaweza kuomba yaandikwe pasipo kungoja kanuni mpya kutoka Dodoma. Anaweza pia kuomba jambo ambalo nadhani lingewarudishia wazee wetu swali lao: maonyesho ya mchana wa Jumamosi yawe na mtu mzima mmoja wa mtaani aliyekaa ndani pamoja na watoto, si mlangoni kwenye sanduku la fedha. Awe bibi, awe mwalimu mstaafu, awe kijana anayependa sinema na anayewajua watoto wale kwa majina. Kiti chake kiwe mbele, karibu na mabenchi ya wadogo, mahali anapoweza kuona nyuso zao na kumwambia mwenye mashine asimamishe picha. Na filamu ikiisha asitoke kwanza. Wapo watoto ambao hubaki wamekaa baada ya taa kuwashwa, hawajacheka na hawajasimama, na kwa sasa hakuna anayewauliza wameona nini.